Mishipi Mlangoni kwa Mzee Mubiru

Nyumbani kwetu, mtu akitaka kukaa alianza kwa kuhamisha kitu. Ukitaka kiti, unaondoa jembe. Ukitaka kikombe, unaondoa kuku. Sebuleni kulikuwa na magunia ya kahawa, baiskeli isiyo na gurudumu la mbele, madumu matupu ya njano, na redio tatu zilizokwisha kufa. Baba yetu, Mzee Mubiru, hakutupa kitu.

"Kitafaa siku moja," alisema.

Siku hiyo tuliisikia kwa jina tu. Hatukuwahi kuiona.

Mimi ni Laulensi, mtoto wa mwisho. Nasoma shule ya bweni. Huko shati likilala kitandani badala ya sandukuni, mwenye shati anafyeka majani. Kwa hiyo likizo ilipofika, niliiingia sebule yetu kama mtu anayeingia peponi. Nilitupa viatu vyangu popote. Sikuviona tena kwa wiki nzima.

Likizo hiyo haikuwa ya kawaida. Dada yangu Perepetwa alikuwa anataka kuwaleta wakwe. Mchumba wake ni Tadeo, fundi wa pikipiki. Siku ya utambulisho ilikuwa imepangwa, Jumamosi. Siku hiyo kaka wa bibi harusi hupewa jogoo na shemeji yake. Perepetwa ana kaka mmoja tu. Naomba msomaji akumbuke jambo hili zito.

Jumapili baada ya misa alikuja Shangazi Noelina, dada yake Baba. Alisimama mlangoni. Hakuingia, maana hapakuwa na pa kuingilia.

"Kaka," alisema, "wakwe utawaketisha wapi? Juu ya baiskeli?"

"Watakaa nje, chini ya turubai la parokia."

"Turubai tupu? Kama watu wanaokimbia mvua? Na wakitaka kuingia ndani kumsalimu mama yetu?"

"Nitapanga."

"Ulisema hivyo nilipoolewa mimi. Sasa nina wajukuu."

Baba alijikuna kichwa. Shangazi aliendelea.

"Leta wapambaji kutoka mjini Masaka. Na nyumba hii ipangwe. Nikija nikaikuta hivi, mimi simtoi Tadeo. Nitakaa kwangu nile matoke yangu."

Hilo halikuwa tishio dogo. Siku ya utambulisho, shangazi ndiye anayepita kati ya wageni na kumtoa bwana harusi. Shangazi asipomtoa, bwana harusi ni mgeni kama wengine. Atakula, atanawa, atarudi kwao.

Shangazi alipoondoka, Baba alitazama zizini.

"Basi nitamuuza Siina," alisema.

Siina ni ng'ombe wetu. Ni mmoja, na ana maziwa mengi. Perepetwa alikuwa anamenya matoke. Aliweka kisu chini.

"Baba, Siina akiuzwa, mimi siolewi."

"Unasema nini wewe?"

"Maziwa ya Jaja yatatoka wapi? Karo ya Laulensi itatoka wapi? Mimi nipambiwe maua ya siku moja, nyinyi mnywe chai ya rangi mwaka mzima?"

Jaja ni bibi yetu, mama yake Baba. Hana meno mengi, na maziwa ni chakula chake. Baba alimtazama Siina tena. Siina aliendelea kutafuna, ingawa habari ilimhusu.

Siku ya pili alifika jirani yetu, Nalongo. Kwetu mwanamke aliyezaa mapacha huitwa hivyo, na huruhusiwa kusema lolote. Ni mshonaji. Alikuja kumpima Perepetwa gomesi, gauni letu refu la sherehe linalofungwa mshipi mpana kiunoni. Alitafuta kiti, akakosa, akakaa juu ya gunia la kahawa.

Perepetwa alimweleza yote.

"Kumbe mnauza ng'ombe na mali mmeikalia!" alisema Nalongo. "Mzee Mubiru, una matofali nyuma ya nyumba?"

"Ninayo. Yatafaa siku moja."

"Siku yenyewe imefika, sebo," alisema, yaani bwana.

Tulitoa kila kitu uani. Nalongo alitufundisha kugawa mafungu. Fungu la kwanza, vitu tunavyotumia. La pili, vitu vinavyotengenezeka. La tatu, vitu vinavyomfaa mtu mwingine. Baba alishikilia redio.

"Hii ndiyo iliyotangaza ujio wa Baba Mtakatifu!"

"Ikaona imemaliza kazi yake. Iache ipumzike, sebo."

Redio zilikwenda kwa Tadeo, anayependa nyaya. Viatu vyangu vilipatikana chini ya baiskeli. Kimoja kilikuwa na yai.

Kisha tulijenga rafu. Tulipanga matofali pande mbili, tukalaza ubao juu. Tukaweka matofali mengine, na ubao mwingine.

"Vitu vizito chini," alisema Nalongo. "Ukiweka sufuria kubwa juu, siku moja itakusalimu kichwani."

Madumu ya njano tuliyakata ubavu, yakawa masanduku ya vijiko, vitunguu na sabuni. Kingo zake kali tulizisugua kwenye jiwe mpaka zikawa laini. Nilileta dumu moja zuri kutoka bandani. Nalongo alilinusa, akalitupa mbali.

"Hili lilikuwa na dawa ya kuua wadudu wa kahawa. Dumu la dawa halioshwi likawa la chakula. Hata ukiliosha mara mia. Unataka kuua wakwe?"

"Kabla ya jogoo? Hapana," nilisema.

Magunia yaliyochanika aliyashona mifuko, mmoja chini ya mwingine. Tuliyatundika ukutani. Viatu vikaingia humo, na kamba, na panga. Kufikia Jumatano niliona sakafu ya sebule yetu. Ni nyekundu. Sikuwahi kujua.

Alhamisi Nalongo alikwenda sokoni kununua uzi. Jaja alikuwa shambani. Tulibaki Baba, Perepetwa na mimi. Chini ya gunia la mwisho lililobaki uani, Baba alikuta mfuko. Ndani yake kulikuwa na lubugo, nguo yetu ya magome ya mti. Ilikuwa pana, laini, ya rangi ya udongo, na imekunjwa vizuri.

Baba aliruka kama kijana.

"Mjini watu wanakodi lubugo za kupamba! Sisi tunayo bure!"

"Ni ya nani, Baba?" aliuliza Perepetwa.

"Ya nyumba. Laulensi, leta ngazi."

Baba aliitundika mlangoni mwa turubai la parokia, lililokwisha kusimamishwa uani. Mimi nilishika ngazi. Kushika ngazi si kosa katika sheria yoyote ninayoijua.

Jaja alirudi na kikapu cha viazi. Aliinua macho. Kikapu kikaanguka. Kisha Jaja akakaa chini na kunyoosha miguu, kama wanawake wanavyokaa msibani.

"Nani amekufa?" aliuliza.

"Hakuna aliyekufa, Mama," alisema Baba.

"Basi mnaningoja mimi. Hiyo ni lubugo yangu ya kuzikiwa. Marehemu babu yenu alininunulia. Na nyinyi mmewatundikia wakwe wapite chini yake!"

Baba alishuka ngazi polepole sana. Wakati huo huo Shangazi Noelina aliingia uani na mkungu wa matoke kichwani. Alitazama mlango wa turubai. Akamtazama Jaja chini.

"Kaka! Sanda ya mama yangu umeifanya pazia?"

"Nilidhani..."

"Usidhani tena! Shughuli hakuna. Mama, inuka, twende kwangu."

Perepetwa alianza kulia bila sauti. Ndipo Nalongo akatokea na uzi wake. Hakuuliza mengi. Alipanda ngazi, akaishusha lubugo, akaikunja kama ilivyokuwa mwanzo. Alipiga magoti mbele ya Jaja akaiweka mapajani mwake.

"Jaja, mimi ndiye niliyewafundisha kugawa mafungu. Nilisahau la kwanza kabisa: kabla ya kugusa kitu, uliza ni cha nani. Nisamehe."

Baba naye, na mvi zake zote, alikaa chini.

"Ilikuwa sandukuni," Jaja alimwambia. "Sanduku likavunjika mfuniko. Nikakuambia, Mubiru, tengeneza sanduku langu. Ulisemaje?"

"Nilisema nitatengeneza, Mama."

"Ndiyo maana nguo yangu ikalala chini ya magunia. Kitu kisicho na mahali, kila mtu hukiona ni chake. Litatengenezwa lini?"

"Kesho."

Jaja alimtazama tu.

"Leo," alisema Baba.

"Hapo sawa." Jaja alifuta vumbi kwenye lubugo. Kisha aliutazama mlango wa turubai. "Mlango nao umebaki uchi. Hamwoni aibu?"

Alisimama, akafungua mshipi wa gomesi yake. Ulikuwa wa njano, mrefu, unang'aa. Akampa Nalongo.

"Anzia na huu."

Nalongo aliushika kwa mikono miwili.

"Jaja, umenifungua macho. Kila nyumba hapa ina mishipi ya gomesi zilizochakaa. Gomesi huchakaa, mshipi hubaki. Tuazime!" Alimgeukia Shangazi kwa heshima. "Na wako, nyabo?"

"Mimi nimekwisha kusema shughuli hakuna."

"Noelina," alisema Jaja.

Shangazi alisonya. Kisha akafungua mshipi wake wa zambarau.

"Upande huu una doa la mchuzi. Ufiche nyuma."

Jioni ile nilizunguka kijiji kizima. Nilirudi nimevikwa mishipi begani kama askofu. Nalongo alitufundisha kuifunga, si kuipigilia misumari.

"Msumari unatoboa. Cha kuazima hurudi kizima. Na kila mshipi funga uzi pembeni, kila mwenyewe na rangi yake, tujue ni wa nani. Leo tumejifunza kuuliza, siyo?"

Tuliikunja mikunjo na kuishusha kuzunguka turubai lote. Nyekundu, kijani, njano, buluu. Makopo ya samli tuliyavika mabaki ya vitambaa, tukayajaza mchanga wenye maji, tukachomeka maua. Mchanga huzuia kopo lisianguke. Maji huzuia maua yasinyauke. Migomba ya kupanga njiani tuliikata Jumamosi alfajiri, majani yakiwa bado na umande. Ungeikata Ijumaa, ingekuwa imelegea kama mimi asubuhi ya mtihani.

Ijumaa Shangazi alikagua nyumba. Alipitisha kidole juu ya rafu. Alivuta dumu la vijiko, akalirudisha. Alichungulia mifuko ya ukutani. Mwishowe alikaa kwenye kiti. Hakuhamisha kitu.

"Hm," alisema.

Kwa Shangazi, hiyo ni hotuba.

Jumamosi wakwe walifika na kanzu zao na vikapu vyao. Shangazi wa Tadeo aliishika mishipi, akaigeuza, akauliza, "Nyabo, mmepambiwa na nani? Wametoka Kampala?"

"Wametoka jikoni," alijibu Shangazi Noelina. Alisimama wima. "Wa zambarau ni wangu."

Kisha akapita kati ya wageni polepole, akiwatisha vijana wasiohusika, mpaka akafika kwa Tadeo. Akamshika mkono, akamwinua. Wanawake wakapiga vigelegele. Siina akalia zizini.

Jogoo wangu nilimpata. Ni mweupe, na ana hasira.

Jumapili mishipi yote ilirudi kwa wenyewe. Sanduku la Jaja, lililotiwa bawaba mpya Alhamisi ile ile, likapata mahali pake kwenye rafu ya chini, mkono wake unapofika. Jaja alilifungua mwenyewe. Aliilaza lubugo ndani, akaipiga piga, akafunga.

"Sasa kila mtu anajua ilipo," alisema Baba.

"Vizuri," alisema Jaja. "Na mjue pia kwamba sina haraka nayo. Laulensi, mume wangu, niletee maziwa."

Nilikwenda kuchukua kikombe. Kilikuwa mahali pake.