Pembe Nyongani mwa Dorothée

Anatole alianza kushtuka siku alipomwona mdogo wake akitembea na bega la kushoto limeinama kama mtu aliyejitwika mzigo, na hali mikono yake ilikuwa mitupu.

"Dorothée, mugongo inakuuma?"

"Hapana, yaya," akamjibu kaka yake. "Juu ya nini?"

Anatole akazidi kulitazama lile bega. Ulikuwa mwezi wa tatu tangu Dorothée atoke hospitali ya misheni, mwaka wa 1954, na mji mzima wa Baraka, kando ya ziwa, ulikuwa umekuja kumtazama mwanamke aliyevunjika nyonga ya kushoto akarudi kwa miguu yake. Munganga, daktari Mbelgiji, aliukuta mfupa wa paja umekufa kichwa chake kinachoingia nyongani, na kichwa cha chuma cha kuweka mahali pake kilikuwa bado kinangojwa kutoka Ulaya. Ndipo Anatole, mchonga misalaba, aliposema, "Mi niko na pembe ya ndovu." Akachonga kichwa cha mviringo, laini kama yai, chenye shina refu kama kidole. Munganga akakichemsha, akaligongomea shina ndani ya mfupa wa paja bila parafujo wala gundi. Mfupa wenyewe utaikamata, alisema.

Jambo moja Anatole hakumwambia mtu. Pembe ile aliifukua alipochimba msingi wa nyumba yake, na chini yake alilala mtu, mifupa mitupu, mnyororo shingoni. Mifupa aliifukia. Pembe akaichukua.

Sasa harufu ya kutu na jasho la watu wengi ilijaa nyumbani mchana kweupe, milango ikiwa wazi. Kisha ukaja mlio wa chuma kinachoburutwa, kila Dorothée alipokanyaga. Jumapili moja alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, mchi ukasimama hewani, akautupa, akaelekea ziwani bila kuaga mtu, huku Anatole akimfuata na kumwita naye asigeuke, akapita katikati ya bamama waliokuwa wakianika ndagala, dagaa wa ziwa, akaingia majini mpaka kifuani, na kaka yake alipomshika aliona shingoni alama ya duara, nyekundu, mbichi, na sauti ya mwanamume, kavu kwa kiu, ikamtoka kinywani: "Ng'ambo bado mbali?"

Wakamwita mwalimu Swedi, aliyejua kusema na mapepo. Alifukiza ubani, akasoma aya za Kurani, akauliza taratibu, "We nani?"

"Mpagazi."

"Utoke ndani ya huyu mama."

"Na mzigo wangu? Niliambiwa nisiutue kabla ya Ujiji, ng'ambo ya ziwa. Nimeubeba tangu Manyema." Macho ya Dorothée yakazunguka chumbani, yakatua juu ya Anatole. "Nani ameukata?"

Anatole akapiga magoti, akaeleza yote.

Wakampeleka hospitali pembe itolewe. Munganga alipiga picha ya mifupa. Pembe na mfupa vilikuwa vimeshikana hivi kwamba mpaka kati yavyo hauonekani. "Nikiitoa, nitavunja paja," alisema. "Hatatembea tena."

"Musinipasue," Dorothée akanong'ona, kwa sauti yake mwenyewe. "Huyu mutu anataka kufika tu. Munipeleke."

Walivuka ziwa kwa siku mbili, wao wawili na Swedi, Anatole akiwa na kipande cha pembe kilichobaki, kimefungwa ndani ya mkeka. Kila wimbi lilipopiga mtumbwi, mnyororo ulilia, na wapiga makasia hawakuthubutu kutazama nyuma. Pale Ujiji Dorothée akapanda mchanga, akaupokea mkeka begani, akapiga magoti, akautua.

"Nimefika," ile sauti ikasema. Harufu ikakatika. Alama ya shingoni ikafifia mbele ya macho yao. Dorothée akanyoosha mgongo, akaomba maji, akacheka, na Anatole akalia kama mtoto.

Asubuhi, mtumbwi ukiwa tayari kurudi, Anatole na Swedi walipanda kwanza. Dorothée akaja nyuma yao, na mguu wa kushoto ukagoma penye ukingo wa maji. Wakamvuta, akapiga yowe kama mtu anayeng'olewa mfupa. Akigeukia nchi kavu, mguu ulikwenda vizuri kabisa.

"Mwalimu, fanya kitu!"

Swedi alitikisa kichwa. "Mpagazi amekwenda. Lakini mzigo wote umefika ulikotumwa, na ule wa nyongani, Anatole. Haurudi." Akashuka mtumbwini, abaki naye Dorothée hadi apatikane wa kumpokea.

Wapiga makasia hawakukubali kungoja zaidi. Mtumbwi uliposogea na Anatole ndani, Dorothée alikuwa amesimama mchangani, wima, mikono yote miwili akimnyooshea kaka yake, na mguu mmoja ukirudi nyuma polepole, wenyewe.