Nakala ya Ijumaa

Mdogo wangu ni fundi wa mitandao hospitalini, na uvivu wake naujua tangu alipokuwa akificha vyombo vichafu chini ya kitanda ili mama adhani kaviosha. Naanza na hilo kwa sababu watu wamekimbilia kusema karogwa. Huenda. Lakini mlango aliufungua mwenyewe. Nasimulia kama alivyonieleza yeye, maana sehemu kubwa ya mambo haya mimi siyakumbuki.

Kazi yake ilikuwa kutunza fayawoli, kile kisanduku cha chuma kinachochuja kila kinachoingia na kutoka kwenye kompyuta za hospitali. Sheria ni moja: kila Ijumaa, kabla hujaenda nyumbani, unachukua nakala ya mipangilio yake yote, unaihifadhi kwenye flashi, kisha unasaini daftari. Ijumaa ya kwanza alichoka, akasaini tu. Ya pili akaona mbona hakuna aliyeuliza, akasaini tu. Miaka miwili hiyo! Daftari limejaa saini za kupendeza, flashi haina kitu.

Kabla yake kazi ile ilikuwa ya mzee waliyemwita Waya, ndiye aliyemfundisha kila kitu. Siku moja mdogo wangu alikosea, mtandao mzima ukazimika, naye akamsukumia mzee lawama. Waya akafukuzwa. Anasema mzee hakumaliza mwezi, akafa kwa uchungu, na kwamba tulikwenda kumzika mimi na yeye. Siku ya kukabidhi funguo, Waya alimwachia flashi yake.

"Ukikwama, rudisha yangu," alimwambia taratibu. "Utaniona nilivyokuwa."

Sasa ni Jumanne, asubuhi ya kawaida tu. Mdogo wangu alimlisha uji binti yake wa miezi kumi na moja. Walimpa jina la utani Pilipili, kwa sababu alikuwa akimng'ata kila anayemsogelea. Wifi yangu alikuwa amempata baada ya miaka tisa ya kuhangaika na madaktari. Ndiye mtoto wao pekee.

Saa nne umeme ukakatika na kurudi, ukakatika na kurudi. Fayawoli ikawaka, ikazimika, ikawaka tena, haifiki popote. Mfumo wake ulikuwa umeharibika. Maabara hawaoni majibu ya vipimo, chumba cha upasuaji wanapiga simu, na meneja kasimama nyuma yake anamhemea shingoni.

"Nakala unazo?" meneja akauliza.

"Ninazo," akajibu. Angesema nini, na daftari liko pale mezani?

Akaunganisha kisanduku na kompyuta yake, akafuta kumbukumbu yote, akapakia mfumo mpya. Dakika ishirini. Kisanduku kikasimama, lakini kitupu, hakijui hata kiko hospitali gani. Kilichobaki ni kukirudishia mipangilio. Akafungua droo, akatoa flashi ya Waya. Ndani faili moja tu, la miaka miwili iliyopita.

Kwenye kioo yakatokea maneno ambayo hajawahi kuyaona kwenye kifaa kile: Kila kilichoongezwa baada ya tarehe hii kitafutwa. Endelea?

Anasema alisita.

"Endelea basi!" meneja akafoka.

Akabonyeza.

Mtandao ukarudi. Watu wakapiga makofi. Mdogo wangu akageuka kuchukua chai yake, na kwenye kiti cha pembeni alikuwa amekaa Waya, anamenya chungwa.

Hakuna aliyeshtuka. Muuguzi mmoja akapita. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu."

Mdogo wangu akakimbilia korido, akampigia mkewe.

"Mtoto kalala?"

"Mtoto gani?"

"Binti yetu!"

Akamsikia mkewe analia. "Miaka kumi na moja nimekuvumilia," akanong'ona. "Leo ndiyo unanicheka kwa kutozaa?" Simu ikakatwa.

Akarudi ndani, akapiga magoti. "Mzee, nisamehe. Nilikusingizia, nakiri. Nipe nakala mpya. Ya wiki iliyopita tu."

Waya akavuta daftari, akapitisha kidole juu ya saini, Ijumaa baada ya Ijumaa.

"Mbona zipo nyingi? Hii saini si yako? Na hii?"

"Sikuchukua, mzee."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Waya akamega kipande cha chungwa, akamwekea kiganjani. "Basi kula, mwanangu," akasema, na akacheka.

Mdogo wangu alikuja kwangu mchana huohuo, viatu mkononi. Nilimwambia akalale. Mtoto gani, jamani? Wifi yangu hajawahi kushika hata mimba. Na huyo Waya nakutana naye dukani kila wiki, tunasalimiana vizuri tu. Tumemzika lini?

"Dada, hata wewe?" alisema, machozi yakimtiririka. "Alikung'ata juzi Jumapili. Ulimnyang'anya kijiko, akakung'ata mkono wa kushoto. Nionyeshe mkono."

Nilikuwa nimevaa sweta. Nikamwambia aache upuuzi.

Siku ya tatu nilisaini karatasi ya kumlaza wodi ya wagonjwa wa akili. Daktari aliuliza kama kuna ushahidi wowote wa hayo anayosema mgonjwa. Nikasema hakuna. Jioni hiyo, nilipovua sweta nioge, kwa mara ya kwanza nikautazama vizuri mkono wa kushoto, nikaona. Alama nyekundu za meno madogo, juu manne, chini mawili. Nilisugua kwa sabuni hadi ngozi ikachubuka.

Sasa ni mwezi wa tatu tangu alazwe. Kila Ijumaa nampelekea nguo safi. Ananyoosha vidole kwenye nondo za dirisha, ananong'ona, "Dada, mkono." Ningemwonyesha, wangemtoa. Lakini nikimwonyesha, nitamwambia nini wifi yangu? Na ile karatasi niliyosaini? Navaa mikono mirefu, hata wakati wa joto.

Alama hazijapona. Leo asubuhi nilizihesabu tena. Chini yalikuwa meno mawili. Sasa ni manne.