Meza Iliyokuwa Chini Mno

Wote wawili walikamata pakiti moja ya karatasi za vidoti, ya mwisho kwenye rafu, na hakuna aliyetaka kuiachia. Duka la vifaa vya shule lilikuwa limefurika wazazi wanaosukumana.

"Dada, hizi ni za kuchorea, si za kuandikia," alisema mwanamume. Shati lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi likanyooka.

"Kaka, mimi ni fundi makabati. Vidoti hivi vilivyopangwa kwa pembetatu ndivyo vinavyonilisha. Mteja akiliona kabati lake limesimama kwenye karatasi, upana, kimo na kina, haniletei maneno baadaye. Wewe je?"

"Mwalimu wa hesabu."

"Basi gawa kwa mbili."

Wakagawana karatasi, wakapeana na namba za simu. Haukupita muda, shati jeupe likazoea vumbi la mbao, na Fundi akazoea kuitwa mpenzi.

Ila Mwalimu alikuwa na lake jambo. Simu ikilia alitoka nje akanong'ona, "Nakuja sasa hivi, kipenzi, usihangaike." Kwake hakumkaribisha hata siku moja. Eti nyumba haijakaa sawa! Fundi aliwahi kupendana na mume wa mtu bila kujua, na moyo wake haukuwa na nafasi ya pigo la pili.

Siku moja Mwalimu akaleta mchoro. "Nitengenezee jiko hili, mpenzi. La nyumbani."

Fundi akahesabu vidoti, kila nafasi sentimita kumi. Meza ya kupikia ilikuwa na kimo cha nafasi saba tu. Rafu zote chini. Chini ya meza wazi, hakuna hata droo.

"Umekosea vipimo?"

"Sijakosea."

"Na urefu wako huo, utapika umepiga magoti?"

"Si mimi ninayepika."

"Nani, basi?"

Simu ikalia. Mwalimu akatoka nje.

Wivu ukampanda Fundi. Alimwona kabisa huyo mwanamke: kafupi, kazuri, kanakatiza jikoni. Yaani amchongee mke wa mpenzi wake meza kwa mikono yake mwenyewe! Jioni akapiga simu.

"Kesho nakuja kupima. Mimi sichongi kwa kuambiwa."

"Fundi, subiri kwanza..."

"Nielekeze kwako, au unisahau."

Alivaa gauni la buluu na kilemba chekundu. Kama ni kushindwa, ashindwe akiwa amependeza. Mlango ulipofunguliwa, macho yake yalitafuta mwanamke wa kugombana naye, kisha yakateremka. Mama mtu mzima alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, bakuli la vitunguu mapajani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiye wewe Fundi? Mwanangu kanificha kama kosa."

Mwalimu alisimama nyuma yake, uso chini. "Mchumba wa kwanza alimwona mama, hakurudi. Wa pili alitaka nimhamishe. Niliogopa, mpenzi. Nakupenda mno."

"Na mimi nikadhani una mke, kumbe kipenzi wa simu ni mama! Umenitesa bure, we mwanaume!" Fundi alilia kwa hasira na kwa furaha.

"Mtagombana baadaye," alisema mama. "Meza yangu je?"

Fundi akafuta machozi, akapima magoti ya mama. "Saba hazitoshi, magoti yatagonga. Tuweke nane." Akachukua penseli, akasahihisha. Kisha, ubavuni mwa meza ile, akachora nyingine iliyopanda juu zaidi.

"Hiyo ndefu ya nani?" Mwalimu aliuliza.

"Ya mkeo," alisema Fundi. "Siwezi kupika nimeinama maisha yangu yote."