Mguu wa Msalaba wa Renaut

Rangi ilikataa kukauka. Ilikuwa siku ya nne tangu Gautier, mchora ngao wa Rouen, aupake ule msalaba mwekundu kwenye ngao mpya ya Renaut, na kila alipougusa kidole kilitoka kimelowa.

"Umezidisha mafuta," mkewe Perrine alimtania. "Uzee huo, bwana."

"Hebu angalia mguu wake."

Perrine akaangalia, utani ukamwisha. Msalaba wa ukoo wa Renaut ulikuwa na ncha nne pana, zote sawa. Lakini mguu wa huu, ile ncha ya chini, ulichongoka kama kigingi. Gautier aliufuta akauchora upya. Kesho yake ulikuwa umechongoka tena, na adhuhuri, karakana ikinuka udongo mbichi, wakasikia nyuma ya ngao kisu kikichonga mti, taratibu, kwa subira, kama cha mtu aliye peke yake safarini asiye na wa kumsaidia, kikachonga na kuchonga mpaka Perrine akaziba masikio na kuanza kulia.

"Ni Renaut," alinong'ona. "Msalaba wa mguu mkali ni wa kuchomeka ardhini. Maskini, amekufa na hana msalaba kaburini."

"Mama yake tutamwambiaje?"

Renaut alikuwa mtoto pekee wa Bi Aaliz. Miaka mitatu alikuwa vitani ng'ambo, na mama yake ndiye aliyeagiza ngao mpya ya kumpokelea. Habari za Renaut zilipokoma na padri akamgusia misa ya wafu, Bi Aaliz alimfukuza. Akikubali tu kwamba mwanawe amekufa, ngao ingetundikwa kanisani kichwa chini, kama ilivyo ada ukoo unapokwisha.

Siku hiyohiyo Bi Aaliz alikuja kudai ngao yake. Alisimama mlangoni, akavuta pumzi. Ndani ya ile harufu ya udongo mlikuwa na jasho alilolijua tangu likiwa la mtoto mchanga.

"Mwanangu," alisema. "Umechoka?"

Kisu kikanyamaza.

Alikaa hapo mpaka kengele ya jioni, kiganja juu ya rangi mbichi, akimsimulia habari za mbwa wake aliyezaa na mipeasi iliyokubali mwaka huu. Mwishowe akageuka, uso umesawijika.

"Anatetemeka. Mtoto ana baridi huyu. Igeuze, Gautier, apumzike."

"Bibi, una hakika?"

"Igeuze kabla sijabadili nia!"

Gautier akaigeuza kichwa chini. Harufu ikatoweka palepale, yote.

"Irudishe!" Bi Aaliz alipiga kelele. "Irudishe, sijamaliza kumnusa!"

Akairudisha upesi. Bi Aaliz akaubandika uso wake msalabani, akakaa hivyo kwa muda mrefu. Alipouinua, shavu lake lilikuwa safi. Rangi ilikuwa imekauka.