Maneno Aliyoyameza Nzembi

Shule zilipofungwa, kazi ya kwanza ya Nzembi kila asubuhi ilikuwa kuteka maji kwenye kioski cha Kavoi, huko Sarang'ombe, mtaani Kibera. Jumanne moja aliyateka mapema zaidi, akaosha miguu na kuvaa viatu vya shule. Alikuwa anampeleka Anti Kasyoka kliniki.

Kasyoka alikuwa mke wa Munyao, mjomba wake Nzembi. Alikuwa amefika Kibera majuzi kutoka Kitui, akiwa na mimba kubwa. Kikamba chake kilikuwa kitamu ajabu, lakini Kiswahili kilimpiga chenga. Munyao aliondoka alfajiri kwenda karakana ya mbao Kawangware, naye mama yake Nzembi alishinda akifulia watu nguo. Basi Nzembi, msichana wa miaka kumi na miwili, ndiye aliyekuwa mdomo na masikio ya anti yake.

Mkunga wa kliniki aliitwa Sista Jael, mama wa Kiluo mwenye sauti kubwa na haraka nyingi. Benchi lilijaa wanawake hadi mlangoni.

"Mwambie anti yako hivi," alisema. "Akiona damu, hata kidogo, hata kama hasikii maumivu, asingoje. Aje mbio. Maji yakimtoka kabla ya uchungu, vilevile. Umeshika?"

Nzembi alihisi masikio yakiwaka moto. Kwao mtoto hatamki mambo kama hayo mbele ya mtu mzima, sembuse mbele ya mke wa mjomba. Tena benchi zima lilikuwa kimya, linasikiliza. Akainama na kunong'ona kwa Kikamba, "Anasema ule mboga, unywe maji mengi na upumzike."

Sista Jael alimkazia macho. "Mbona mimi nimesema mengi na wewe umesema kidogo?"

"Kikamba ni kifupi, Sista."

Wanawake wakacheka. Sista alitazama foleni, akashusha pumzi. "Haya. Anayefuata!"

Ijumaa, Nzembi alimkuta anti yake uani akifua leso, amewapa watu mgongo. Maji ya beseni yalikuwa mekundu.

"Umejikata, Anti?"

"Sijajikata. Ni mambo ya watu wazima, na wala hayaumi. Nenda ukacheze."

Nzembi alisimama pale pale. Akisema, itajulikana kwamba alidanganya, na habari itamfikia mjomba kabla ya chakula cha jioni. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Hakuna, ila yeye. Alilitazama tumbo la anti yake, kisha akapiga magoti kando ya beseni.

"Anti, Jumanne sikukwambia yote. Sista alisema ukiona damu, hata kidogo, hata bila maumivu, uende mbio. Mimi niliona haya kuyasema."

Kasyoka aliacha kufua. "Wewe! Ukaona unilishe mboga?"

"Nimekosa. Utanigombeza njiani. Twende!"

"Twende wapi? Mjomba wako atarudi jioni, yeye ndiye atakayeamua."

"Sista alisema tusingoje."

"Sitoki bila mume wangu kujua."

Nzembi hakubishana tena. Alitoka mbio hadi kwa Mama Nzuki, muuza mboga za sukuma wa Kikamba aliyeheshimiwa mtaa mzima, akamweleza kila kitu bila kuficha uongo wake. Mama Nzuki aliacha kisu juu ya mboga. Alipofika uani alimwambia Kasyoka, "Mume wako nitampigia simu mimi. Inuka, mwanangu." Kisha akapaza sauti kuelekea kioskini, "Kavoi! Shusha hiyo mitungi, tunataka mkokoteni!"

Kavoi alipofungua mdomo kuuliza, Mama Nzuki alimkata. "Utauliza ukisukuma."

Walimlaza Kasyoka juu ya magunia. Nzembi alitangulia, akiwaomba watu wapishe kwenye vichochoro. Kliniki, Sista Jael alimpima kidogo tu, kisha akaita gari la wagonjwa. Kondo la nyuma lilikuwa limekaa chini na kuziba njia ya mtoto. Jioni ile Kasyoka alipasuliwa hospitalini. Mama akapona, na mtoto wa kike akazaliwa akilia kwa nguvu zote.

Jumanne iliyofuata Nzembi alikwenda kliniki bila kutumwa na mtu, akamkuta Mama Nzuki ameketi kando ya Sista Jael.

"Sista, yale maneno ya damu sikuyasema siku ile."

"Mama Nzuki ameniambia," alijibu Sista Jael. "Nami nilihisi umeruka kitu, lakini nikatazama foleni badala ya kukuuliza. Hilo ni kosa langu. Nilikutwika mzigo wa mtu mzima. Kuanzia leo Mama Nzuki atakaa nami hapa kila Jumanne, awaeleze akina mama wa Ukambani. Lakini na wewe una lako. Ukipewa ujumbe kuhusu afya ya mtu, huna ruhusa ya kuupunguza. Ukiona haya, sema waziwazi, 'Hili siwezi, tafuteni mwingine.' Watu wangekucheka kidogo, wakasahau. Anti yako angekufa, na hilo hakuna ambaye angelisahau."

"Ndiyo, Sista."

Sista Jael akamsogezea kiti. "Sasa kaa. Tueleze mimi na Mama Nzuki yale niliyosema siku ile. Yote."

Nzembi alikaa, akawatazama usoni. Neno la kwanza alilotamka lilikuwa damu.