Tundu la Sanduku la Besi

Pitchou aliliacha tundu la sanduku la spika likitazama mlango wa nyuma wa gari lake. Asubuhi akalikuta limegeukia kiti cha Mado, mkewe.

"Nani aligeuza sanduku ya besi?"

"Mimi, na hii tumbo?" Mado akacheka. "Uliza mbuzi."

Pitchou akaligeuza tena, akalifunga kwa waya. Mwanaume na kelele zake! Mji mzima wa Kasongo ulimjua kwa kufunga muziki kwenye magari: tundu likitazama nyuma, alisema, besi inapata pumzi, mpaka bati la mlango linatetemeka. Ila siku hiyo muziki aliuzima. Alikuwa akimpeleka Mado kwa mama yake, Kabambare, akajifungulie huko. Mimba ya kwanza iliharibika. Hii waliilinda kama yai.

Karibu na kijiji cha Wamaza, kwenye matope, Mado akajikunja.

"Pitchou, kitu iko inapumua kwa mugongo yangu."

Pitchou akanusa tope la mtoni, na ubani juu yake. Akageuka, na lo! sanduku lilikuwa limegeuka pia, waya haujakatika, na katika lile tundu ikatoka sauti nzito, ile inayogonga kifua kabla ya kufika masikioni, ikasema kwa adabu zote, kama jirani aliyesimama mlangoni:

"Hodi."

"Karibu," akaitikia Mado. Ndivyo alivyolelewa, mdomo ukatangulia akili.

Pumzi ikakoma. Mtoto akapiga teke moja tumboni, akatulia.

Pale Wamaza, mwalimu Hemedi, anayewatoa watu mashetani, aliwasikiliza akitikisa kichwa.

"Tundu tupu ni nyumba, kijana. Ulijenga, ukaacha wazi, akaingia. Alikuwa anangoja tu mutu wa kumukaribisha kwingine."

Akasoma dua, akaziba tundu kwa kitambaa, wakalichoma sanduku kando ya njia. Liliungua kama mbao yoyote. Pitchou akalia kwa furaha.

"Ameenda, mwalimu?"

"Ndani ya sanduku hamuna mutu," mwalimu akajibu, bila kumtazama.

Uchungu ulipoanza kule Kabambare, mkunga Marguerite alikuja mbio, lakini nyumba ya watu haiingiwi kimya, akasimama kizingitini.

"Hodi!"

Mado alikuwa ameuma kitenge kwa maumivu, hakuweza kusema. Pitchou akafumbua kinywa aitikie, ndipo maji ya beseni yakaanza kutetemeka, na bati la paa, na kifua chake mwenyewe, na kutoka tumboni mwa mkewe ikajibu sauti nzito, tulivu, ya mwenye nyumba:

"Karibu."