Birika Lililokaribishwa

Birika lililia lenyewe ndani ya kabati la vioo, ngiiing, mchana kweupe, na Kathure, aliyekuwa amejilaza kwenye kochi baada ya shifti ya usiku, akajibu, "Karibu."

Mtu mzima na digrii yake ya unesi. Lakini ujinga huo alijizoesha mwenyewe. Tangu aanze kukusanya kauri za kale za Waingereza, video zilimfundisha kwamba ile halisi, iliyochanganywa na majivu ya mifupa ya ng'ombe, ukiigonga kwa ukucha hulia kama kengele. Basi kila aliyeingia kwake Cedar Hill, Texas, alisomewa somo hilo, birika likagongwa, na Kathure akacheka, "Sikieni, linapiga hodi." Kisha mgeni akaletewa chai kwenye kikombe cha karatasi. Wallahi, ushamba una madaraja.

Birika lenyewe alilinunua Lewisville, vitu vya bibi mmoja wa Kizungu vilipouzwa baada ya mazishi. Kwao Meru asingegusa hata kijiko cha marehemu asiyemjua. Huku aliviita antiki.

Tangu aitikie ile "Karibu", nyumba ilinuka mfupa unaoungua, na kijiko kilisikika kikikoroga pasipo mtu. Gakii, bintiye mdogo, akaacha kula. Alipoulizwa alijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba bibi mweupe anamaliza chakula chake chote.

Kathure akamwita Marguerite, Mkongo wa Haltom City aliyefanya naye kazi, mama wa maombi.

"Dada, ulimuambia karibu?" Marguerite alinong'ona.

"Nilikuwa usingizini."

"Yeye hakukuwa usingizini. Mugeni umemukaribisha mwenyewe, maombi peke haitamutosha. Uvunje ile birika. Mutoto anaisha, hauone?"

Kathure akalitoa birika kabatini, akaingia nalo gereji, akarudi na jingine la dukani lenye maua kama ya lile la kale, akalipasua mbele ya Marguerite huku machozi yakimtoka. Machozi ya nini, kama si unafiki? Lile halisi lilikuwa kwenye buti ya gari, limeviringishwa blanketi la Gakii. Marguerite akaimba, akashukuru, akaenda zake.

Hata hajafika barabara kuu, harufu ilirudi nzito kuliko mwanzo, ikapanda ngazi, na kijiko kikaanza kukoroga juu, chumbani kwa mtoto, kikikoroga na kugonga, kikikoroga na kugonga, na Gakii akalia kwa sauti nyembamba inayozidi kuwa nyembamba, hadi Kathure akakimbilia gereji, akafungua buti, akalitoa birika kwenye blanketi na kuliinua juu ya sakafu ya saruji kwa mikono miwili.

Yule mgeni hakumshika mkono, msije mkamsingizia. Kathure aliutazama ule ukingo wa dhahabu, hauna hata ufa, akafikiri kwamba Texas nzima hakuna la pili.

Akaliviringisha tena, taratibu. Kule juu, kilio kikakatika.